Nyota ya Mraba

Ndugu wanabweni, natangaza kwa heshima zote: ulimwengu umepata nyota mpya. Aliyeigundua ni mwalimu wa fizikia. Aliyeiumba ni mimi, kwa kubandika nukta nyeupe kwenye picha yake alipokwenda kunawa uso.

Siku tisa alikuwa akiunganisha picha mia mbili za anga kwenye kompyuta. Akiondoa ukungu, rangi zinaharibika. Nilitaka acheke tu.

Sasa amewaandikia wataalamu wa nyota. Ameipa jina la marehemu mama yake. Kidole chake kiko juu ya kitufe cha kutuma, nami nimesimama nyuma yake.

“Mwalimu, ikuze kwanza!”

Akaikuza. Nyota ikawa mraba mtupu, kama tofali.

Akanigeukia polepole. “Wewe umejuaje?”

“Shikamoo, mwalimu,” nikasema. “Ni mimi.”