Sauti ya Mfalme wa Miungu

Winfrida aliuchomoa waya wa televisheni ukutani kwa nguvu hadi plagi ikatoa cheche.

Kioo kikawa cheusi. Mfalme wa miungu wa Wagiriki alikuwa katikati ya kulitisha joka lenye vichwa tisa, na sauti aliyokuwa akitisha nayo ilikuwa ya Mzee Elimringi. Naye Mzee Elimringi alikuwa ameketi palepale kwenye kochi, shingo imefungwa kitambaa. Hakuwa ametamka neno tangu mwaka jana, madaktari walipompasua koo kuondoa saratani, wakaondoa na sauti yake.

"Wezi!" Winfrida alifoka. "Wezi wakubwa!"

Mjini Moshi wengi walimjua baba yake kwa sauti kabla ya sura. Kwa miaka mingi alitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili, yeye peke yake akiwasemea waume kwa wake, kwenye studio ndogo ya rafiki yake Rogath huko Pasua. Tamthilia ya *Upanga wa Olimpo* ndiyo iliyompa jina. Kinywani mwake miungu ya Ugiriki ilihamia kilele cha Kibo, ikanywa pombe ya mbege, ikagombania mipaka ya vihamba vya migomba. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha ugonjwa ukaingia, na tamthilia ikaishia njiani.

Sasa msimu mpya ulikuwa umetoka, na sauti ilikuwa ileile.

"Wameichukua sauti yako, baba, wakaiingiza kwenye kompyuta. Ndiyo hiyo akili mnemba. Mashine inakula jasho lako nawe uko hai!"

Mzee alitikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye kioo cheusi. Machozi yalimtiririka na mabega yakimtikisika. Winfrida akageuza uso. Hakuweza kumtazama baba yake akilia namna ile.

Mama yake, Elisifa, alitoka jikoni na kikombe cha tangawizi. Alikuwa amerudi jioni hiyo kutoka kuuza maziwa mjini, na koo lilikuwa limemkauka.

"Waache, mwanangu," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Baba yako anapenda kuitazama."

"Waache! Kwako wewe kila kitu ni waache! Kwaya ikikosa wanaume, wanakuimbisha besi, unakubali. Leo mumeo anaibiwa, umekaa kimya!"

Mama aliweka kikombe mezani. Aliuchukua waya mkononi mwa bintiye, akaurudisha ukutani, akaketi karibu na mumewe.

Mfalme wa miungu akarudi kwenye kioo. Joka lilikuwa limeshaanguka, naye alikuwa akimwita binti yake mwenye mkuki. "Njoo hapa," alimwambia. "Njoo, siafu wangu."

Winfrida alihisi damu ikimpanda kichwani. Siafu wangu. Jina hilo alipewa na baba yake alipokuwa mdogo, kwa sababu akikasirika aling'ata na hakuachia. Halikuwahi kutoka nje ya nyumba ile ya Shirimatunda. Wageni waliolijua hawakuzidi mmoja: Rogath, aliyekuwa akija kula ndizi za machalari kila Jumapili.

Jumatatu hakwenda sokoni Kwa Sadala kwenye cherehani yake. Mama alikuwa ameshatoka na maziwa. Winfrida alimwachia baba uji mezani, akashika njia ya Pasua.

Rogath alikuwa kwenye stuli nje ya mlango wa studio. Alipomwona akasimama.

"Hata shikamoo leo hakuna?"

"Shikamoo ya nini? Umekula mezani kwetu, ukasikia baba akiniita, ukaenda kuliuza jina langu pamoja na sauti yake!"

"Winfrida, punguza sauti. Wanarekodi ndani."

"Nani anarekodi? Nionyeshe hiyo mashine!"

"Hapa hakuna mashine ya hivyo. Kuna kipaza sauti na mtu."

"Mtu gani?"

Rogath alitazama chini. "Niliahidi sitasema. Mzee mwenyewe anajua. Nenda ukamuulize."

"Nimuulize mtu asiye na ulimi wa kunijibu! Mnamdhihaki?" Sauti yake ilipasuka. Mama muuza mkaa wa jirani aliacha kupima, akageuka kutazama. "Mlimtembelea mara ngapi alipolazwa? Mara ngapi? Leo mnajua kumwiga! Naenda polisi, na nikitoka huko narudi na watu wa kukifunga hiki kibanda chako!"

Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma ya mlango. Haikuwa ya kwenye kioo. Ilikuwa hai, ya karibu, nzito kama mawe yanayoporomoka korongoni. Mfalme wa miungu alikuwa akimkemea mungu wa kuzimu.

"Umeshamnyang'anya mtu wangu kitu kimoja! Ukadhani nitakaa nikutazame? Cha pili hukipati! Nakwambia hukipati, mwizi wewe, labda unipitie mimi kwanza!"

Winfrida aliganda. Katika miaka yote hakuwahi kumsikia baba yake akiwa na hasira kiasi kile. Ilikuwa hasira ya Winfrida mwenyewe, ile aliyotoka nayo nyumbani, na kuna mtu asiyemjua alikuwa akiichezea kama mchezo wa kuigiza. Hilo hakuweza kulivumilia.

Alimsukuma Rogath kwa bega, akaupiga mlango teke.

Chumba kilikuwa kimezungushiwa magodoro ya zamani ukutani. Mbele ya kioo kidogo cha televisheni mtu alikuwa amesimama na spika za masikioni juu ya kilemba cha kitenge, ngumi zote mbili zimekunjwa, mashavu yamelowa machozi. Mtu huyo akageuka.

"Funga mlango, mwanangu," mama yake alisema kwa sauti ya baba. "Tunarekodi."