Zimwi Kutoka Ujiji

Pelagia alikuwa akifasiri sinema kwa kipaza sauti, kwenye uwanja wa misheni, zimwi lilipotokea kwenye shuka nyeupe.

Akanyong'onyea. Katika kitabu alichokipenda utotoni, ambacho sinema ilitokana nacho, zimwi lile lilikuwa kubwa kama behewa. Hili la sinema lilikuwa na shingo ya kuku aliyenyonyolewa.

"Mjukuu wangu," bibi yake akauliza kutoka mkekani, "ndilo ulilokuwa ukitusomea? Mbona limekonda?"

Watu wote wakamgeukia Pelagia.

"Bibi, limetembea kwa miguu kutoka Ujiji."

Uwanja ukaangua kicheko. Zimwi nalo likacheka, kikoromeo kikipanda na kushuka, na Pelagia akakitambua kicheko alichokuwa akikisikia kichwani kila aliposoma kitabu kile.

Hapo petroli ya jenereta ikaisha. Nusu ya sinema iliyobaki ikaachwa mpaka kesho.

"Basi kesho," bibi akasema akikunja mkeka, "nitaliletea ugali."