Hafla ya Mpishi

Mpishi alikuwa amekalia bendera kumi na mbili za chama. Zilikunjwa zikatiwa kwenye gunia tupu la mchele, gunia likasukumwa kwenye kona ya jiko, naye akaambiwa aketi hapo, amenye vitunguu, asinyanyuke hata nyumba ikiungua. Mkaguzi wa nyumba za serikali alikuwa ameshafika getini, na hakuwa ametoa taarifa.

Nyumba yenyewe ni ya serikali, tena ile kubwa anayokaa waziri. Mwaka jana magazeti yaliianika: chama kilifanyia mikutano yake sebuleni kama kwao, kikanywa chai ya umma, kikaacha na madoa kwenye mazulia. Ndipo ikatoka amri. Shughuli ya chama, marufuku. Ruksa ni shughuli ya serikali, au ya mtumishi wa nyumba: harusi, msiba, kuagana. Na kila moja ijaziwe fomu.

Lakini watu wa siasa hawakosi mlango wa uani. Wageni mia mbili wa kampeni wangefika saa saba mchana, na fomu ilikuwa imejazwa kwa jina la mpishi: hafla ya kumuaga, anaacha kazi.

Aliyeijaza ni msimamizi wa nyumba, mtoto wa marehemu mdogo wake. Mpishi ndiye aliyemlea akamsomesha, na hata kazi hiyo alimwombea yeye, akampigia waziri magoti palepale jikoni. Alipoletewa fomu alicheka. Hafla yake, na yeye ndiye apike! Mwanawe huyo wa kulea akamwambia ni karatasi tu hiyo, mama mkubwa, ikishapita inatupwa, na waziri ameahidi: shughuli ikienda salama, Jumatatu barua yako ipo.

Kwa ajili ya barua hiyo mpishi angekalia hata makaa ya moto. Miaka kumi na minane alipika pale kwa mkataba wa mwaka mwaka, na kila Desemba alijiuliza kama ataongezewa. Chumba chake cha uani kilikuwa cha kazi. Kazi ikiisha na chumba kimekwisha, na kwingine hana. Barua ya ajira ya kudumu ingemfanya naye alale usingizi wa watu.

Hata mkwe wake, mke wa msimamizi, alijitolea. Tangu Jumatatu ya wiki hiyo alishinda naye jikoni akikata vitunguu, akiuliza waziri anapenda chai yake vipi, viungo vinakaa wapi, ufunguo wa stoo ni upi. Mpishi alimwonyesha kila kitu kwa furaha. Siku hizi mkwe wa kukushika mkono jikoni unampata wapi?

Mkaguzi aliingia na faili kwapani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na upole wake ndio uliotisha. Akafunua sufuria moja, akafunua ya pili, akasema kwa mtu mmoja anayeagwa wali huo ni mwingi. Msimamizi alicheka kicheko kikavu, akasema mama mkubwa ana marafiki wengi. Mkaguzi akafunika sufuria. Akamgeukia mpishi.

"Dada yangu, niambie wewe mwenyewe. Ni kweli unaacha kazi kwa hiari yako? Kama kuna aliyekulazimisha, sema sasa. Nitakulinda."

Mpishi alimtazama mwanawe. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. Akisema kweli, mwanawe anaingia ndani. Akakumbuka alivyombeba mgongoni siku wanamzika mama yake. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Aliona haya hata kwa kule kusita.

"Ni kweli," alisema. "Nimechoka. Naacha mwenyewe."

Mkaguzi aliyaandika maneno hayo, akamsomea, akampa kalamu. Mpishi akatia saini bila kunyanyuka. Mkaguzi akamtakia mapumziko mema, akamwangalia tena kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda zake.

Saa saba bendera zilipepea bustanini zikinuka vitunguu. Watu walikula, wakaimba nyimbo za chama, wakakwangua mpaka ukoko. Hakuna hata mmoja aliyemuaga mpishi, na yeye mwenyewe alilicheka jambo hilo akiosha vyombo.

Jumatatu asubuhi msimamizi alimletea bahasha yenye nembo ya serikali. Hakukaa. Alisema ana haraka, akatoka bila kumtazama usoni. Mpishi alifuta mikono, akaifungua polepole isichanike, maana barua ya namna hiyo mtu huitia kwenye fremu.

"Ombi lako la kuacha kazi limekubaliwa," ilisema. "Kabidhi chumba leo kabla ya saa kumi jioni."

Chini palikuwa na saini ya msimamizi wa nyumba, na tarehe. Haikuwa tarehe ya siku hiyo, wala ya Jumamosi ya hafla. Ilikuwa ya Jumatatu iliyopita, siku ile mkwe alipokuja kumsaidia kukata vitunguu.