Kikombe Kilichoota Manyoya

Kikombe kilikuwa kimeota manyoya. Fundi alikivuta kutoka uvunguni kwa vidole viwili, akachungulia ndani, akaona mfupa wa kuku umelala kwenye kitu laini cha kijani. Akakiweka mbali na pua.

Hicho kilikuwa cha nne. Likizo ndefu ilikuwa imeanza wiki mbili tu zilizopita, na chumba cha nyuma tayari kilinuka soksi zilizolala na maji. Taulo bichi juu ya mto. Kucha zilizokatwa zimekusanywa kwenye sahani ya kulia, kana kwamba zinangoja chumvi. Na mwenye chumba, Mwanachuo, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa amelala fofofo saa tano asubuhi, mdomo wazi.

"Mama, amka," Fundi akasema. "Amka utoe uchafu wako."

"Niache, mama," Mwanachuo akajibu bila kufumbua macho. "Nimesoma mwaka mzima."

Ndivyo walivyoitana humo ndani, mama huku, mama kule, ungedhani wanapendana.

Kusoma! Fundi naye alikuwa ameshona mwaka mzima. Mgongo ulimpinda kwenye cherehani ili huyu asome. Siku ya kwanza ndiye aliyebeba sanduku mpaka bwenini, na msimamizi wa bweni akawatazama wote wawili, akauliza ni yupi anayebaki. Siku ile Fundi alijivuna. Kumbe alikuwa anajivunia jalala.

Chuo chenyewe kilijua kinarudisha watu gani majumbani. Kilikuwa kimewagawia karatasi ya ushauri wa likizo: ukikaa na wazazi, osha chombo ulichokulia, usilale mpaka jua la utosi, ukisafiri, acha namba ya unakofikia na siku ya kurudi. Fundi aliibandika kwenye mlango wa friji. Mwanachuo aliisoma huku anakunywa maziwa kwenye pakiti, yanamtiririka kidevuni, akacheka mpaka akapaliwa. Matone yakarukia karatasi.

"Hii hainihusu mimi," akasema. "Walioandika hawanijui."

"Inakuhusu kuliko wote," Fundi akamjibu, akaenda kutafuta kitambaa.

Hapo ndipo Mwanachuo alipotoboa kwamba Jumanne anaondoka na wenzake wa darasa kwenda ziwani, siku nne, hema moja watu sita. Fundi akasimama na kitambaa mkononi. Jumamosi saa tisa kulikuwa na wageni. Baba wa dereva mmoja wa malori alikuwa anakuja na watu wake kuleta posa, na jambo hilo lilikwisha kungojwa mwaka mzima kwa sababu ya hicho hicho chuo. Bila Mwanachuo pale sebuleni, hakuna neno lingesemwa. Na baba wa dereva hakuwa mtu wa kuja mara mbili. Alishasema hivyo waziwazi.

Fundi alisihi, akabembeleza. Mwanachuo akaapa kwamba Ijumaa mchana atakuwa amerudi, ameoga, amevaa. Akatoka na begi lisilofungika, bila kuacha namba ya mtu. Sabuni aliyoogea, Fundi aliikuta kwenye sinki, imevaa nywele.

Jirani wa ukuta mmoja akamwambia avumilie tu, kiganja kikinyewa hakikatwi. Fundi akasema ni kweli hakikatwi, lakini angalau huoshwa.

Akaosha, maana angefanyaje. Alivuta kwenye bomba la bafuni kamba ya nywele yenye utelezi, ndefu kama mkono wake. Alichemsha mataulo. Chini ya godoro alikuta yai la kuchemsha, limemenywa nusu, na siku ile alitapika kwenye ndoo ileile aliyokuwa anadekia. Kisha akashona mapazia mapya ya sebuleni, meupe, akayapiga pasi yakiwa yamening'inia.

Ijumaa Mwanachuo hakurudi. Simu imezimwa. Jumamosi saa tisa kamili wageni wakaingia: baba, shangazi, na dereva mwenyewe, shati limemkaba shingo. Wakasifu usafi wa nyumba. Soda zikanywewa, zikaisha. Mazungumzo ya mvua nayo yakaisha. Baba akaitazama saa ya ukutani, akaitazama tena, kisha akaweka mikono magotini kama mtu anayetaka kuinuka. Dereva hakuthubutu kumtazama Fundi. Fundi alijua kwamba yule mzee akishavuka kizingiti, basi, yameisha.

Mlango ukasukumwa.

Mwanachuo aliingia na ndala mguu mmoja, raba mguu mwingine, nywele zimeganda tope, na harufu ya samaki na jasho la siku tano imemtangulia mpaka katikati ya chumba. Shangazi akaziba pua kwa leso. Fundi aliona haya, kisha akaona kinyaa, kisha akaona vyote kwa pamoja, asijue aweke wapi uso wake. Mwanachuo akafuta kiganja kwenye pazia jipya, akakaribisha wageni kwa furaha, akamnyooshea mzee mkono.

Mzee akautazama ule mkono. Akameza mate, akaushika.

"Mama," akasema, "tumekuja kumwomba binti yako."

"Mchukueni hata leo," akasema Mwanachuo, akijitupa kwenye kochi. "Nimemzaa mwenyewe, lakini usafi wake ndio ulionikimbizia chuoni na miaka yangu hamsini na miwili."