Nyumba Tulivu

Siku hizi mwenye mzigo hakuulizi una malori mangapi. Anauliza nyumba za madereva wako zina utulivu kiasi gani, maana inaaminika kuwa dereva anayetoka kwenye amani hapati ajali. Kila sebule ya dereva ina kinasa sauti ukutani, na kampuni yenye nyumba tulivu ndiyo inayopewa mzigo.

Atupele, mke wa dereva Ambakisye wa Tunduma, alikuwa anachambua maharage alipopigiwa simu kwamba mama yake amefariki. Alijiziba mdomo kwa kanga.

"Jikaze, Mama Lusajo," mumewe alinong'ona. "Wenye mzigo wa shaba wanachagua kampuni wiki hii. Tukikosa, wenzangu wote watakaa bila kazi."

Akajikaza. Hata makaburini, mbali na kile kinasa sauti, alisimama kimya, na dada zake wakamtazama kama mgeni.

Kampuni yao ilichaguliwa. Atupele aliporudi kutoka msibani, mumewe alimpokea begi mlangoni.

"Fundi amekizima kinasa sauti kwa matengenezo," alisema. "Lia sasa, mke wangu. Piga mayowe utakavyo."

Atupele akaketi, akafungua mdomo, akasubiri. Ambakisye naye akasubiri, machozi yakimlengalenga.

"Hakiji," akanong'ona Atupele. "Kilio hakiji, Baba Lusajo."

"Pole," mumewe alijibu, naye kwa kunong'ona, ingawa hakukuwa na wa kuwasikiliza.