Bomba la Kiandutu

Daktari Muriithi alimpima Hayat mara tisa, na mara nne za mwisho mtoto alikuwa amepungua uzito.

Hakuwa daktari wa tiba. Alikuwa mwanauchumi wa chuo kikuu huko Nairobi, akitafiti jinsi hongo inavyoviacha viwanda vikue huku vikichafua mito. Kila baada ya miezi minne alishuka Kiandutu, akachota maji ya mto kwenye chupa, akawapima watoto thelathini wa mtaa. Kiwanda cha ngozi kilikuwa juu kidogo tu, na maji yaliwafikia kina mama yakiwa na rangi ya chai.

Tausi, mamake Hayat, alimpenda kwa sababu hakuna mtu mwingine mwenye suti aliyewahi kumuuliza bintiye amekula nini. Alimjibu kila swali.

Mwaka wa 1996 shirika moja la kanisa liliahidi kuwaletea bomba la maji safi. Mtaro ulichimbwa hadi karibu na msikiti, kisha mafundi wakakusanya sururu zao wakaondoka. Mtaa mzima ukasema diwani Zacharia amekula pesa za kiwanda ili alizuie. Tausi alimweleza Daktari. Akasikiliza kwa makini, akauliza kama mafundi walisema watarudi lini.

Hawakurudi. Hayat alikufa Agosti iliyofuata, akiwa na miaka sita. Daktari alikuja mazishini, akashika koleo pamoja na wanaume wengine, akalia bila kujificha.

Mwaka wa 1998 alifanywa profesa. Alimtumia Tausi nauli, akamketisha safu ya mbele ya ukumbi wa mhadhara wake. Ukutani alionyesha mstari wa uzito ulioshuka, akasema mstari ule una jina, nalo ni Hayat, na kwamba ufisadi ndio uliomuua. Watu wakasimama wakapiga makofi. Tausi naye akasimama.

Kesho yake asubuhi, angali na ujasiri wa ukumbini, alienda moja kwa moja hadi ofisi ya Zacharia.

"Mheshimiwa, walikupa ngapi uzuie bomba?"

Zacharia hakukasirika. Alimwomba aketi. Akasema ametukanwa sokoni miaka miwili, na yeye pia alikuwa akiwauliza watu wa shirika kwa nini waliondoka. Ni juma lililopita tu walipompa nakala ya barua iliyowasimamisha, na tangu hapo alikuwa akijiuliza kama ni vyema mama aliyefiwa aione.

"Nipe," Tausi alisema.

Aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Kwa heshima, nawaomba msifikishe bomba Kiandutu kabla ya mwisho wa 1997. Watoto wale wakianza kunywa maji safi sasa, takwimu zangu zitaharibika. Wenu mwaminifu, Dkt. Muriithi."