Milimita Sita

Swali lilikuwa moja: daraja la reli litapinda kiasi gani injini ya mvuke ikipita juu yake? Darasa zima lilipata milimita tano, na mwalimu naye tano. Apolinaria peke yake aliandika sita.

"Rudia hesabu yako, binti," mwalimu alisema.

"Nimeirudia mara tatu, mwalimu. Nimejumlisha uzito wa maji. Baba yangu ni dereva wa treni. Injini haitoki Tabora bila kujaza tangi."

Wavulana walicheka. Alikuwa msichana pekee katika chuo kile cha wamisionari, mwaka wa tano wa uhuru, na wengi walingoja ashindwe arudi kwao.

Mwalimu hakucheka. Kesho yake asubuhi aliwapeleka darajani, njia ya Urambo, akafunga kipimo chini ya chuma. Kilikuwa cha mviringo kama saa, na mshale wake mwembamba kama unywele.

Apolinaria alipiga magoti kwenye mchanga wa mto mkavu, jicho karibu na kioo. Injini ikaingia juu ya vichwa vyao, akaihisi ngurumo yake hadi kwenye meno.

Mshale ukasogea, ukafika tano, ukaipita. Ukasimama kwenye sita.

Chuma kizito vile, kilichowekwa na watu waliokwisha kufa, kilikuwa kimetii namba aliyoiandika kwa penseli.

Behewa la mwisho likapita. Mwalimu alikuwa amepiga magoti kando yake, kofia mkononi.

"Wasomee namba uliyoiona," alimwambia taratibu. "Wote wasikie."

Apolinaria akawageukia wenzake, akasema, "Milimita sita."